Orodha ya Waliokumbwa na Maji: Kisa cha Mtafiti Mwanafunzi Mwambao wa Kigoma

## Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki nimekiandika kwa ajili ya wanafunzi wa uzamili wanaojiandaa kwenda uwandani, na kwa wasimamizi wao. Kazi ni ya kweli, na aliyeifanya amesoma maelezo haya akakubali yatumike kufundishia. Jina la kijiji, chuo na wahusika nimeyaondoa. Idadi za kaya nazo nimeziondoa, kwa sababu kaskazini mwa mji wa Kigoma mtu akijua nyumba ngapi ziliingiliwa na maji, kijiji atakutajia hapo hapo. Nimebakiza tarehe za mambo ya kitaifa, kufungwa kwa Ziwa Tanganyika na uchaguzi, maana bila hizo kisa hakishikiki.

Mtafiti nitamwita mwanafunzi. Ni binti wa Kitanzania, si mwenyeji wa Kigoma, na Kiha hakijui. Alikuja kutafiti maji, akaondoka na utafiti wa siasa ya maji. Njiani alipaswa kuamua jambo moja gumu kuhusu majina ya watu, na hilo ndilo nitakalokaa nalo zaidi.

## Kijiji, ziwa na mlima

Ukipanda boti mwalo wa Kibirizi, mahali pa kutia mitumbwi na boti, kuelekea kaskazini, mkono wa kulia ni milima inayoshuka mpaka majini. Vijiji vimekaa pale ambapo kijito kimeshusha udongo na kuacha kipande cha tambarare. Hapo hapo ndipo penye nyumba, msikiti, shule, mwalo na mahali pa kuanikia dagaa. Nyuma yake ni mteremko wenye mihogo na michikichi, na juu ya mashamba ni msitu, ama wa hifadhi ya kijiji ama wa Hifadhi ya Taifa ya Gombe. Watu wengi walikusanywa kwenye vijiji vya namna hii wakati wa Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970. Kabla ya hapo makazi yalikuwa yametawanyika zaidi.

Ziwa lenyewe lina tabia yake. Nchi nne zinalimiliki: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Mito inayoingia ni mingi, unaotoka ni mmoja tu, Lukuga, upande wa Kongo, na sehemu kubwa ya maji huondoka kwa kugeuka mvuke. Mvua zikizidi misimu miwili mitatu, ziwa hujaa na hukawia kupungua. Katika miaka ya 1870 maji yalipanda kwa kuwa mdomo wa Lukuga ulikuwa umeziba, mpaka yalipouzibua mwaka 1878 na ziwa likashuka kwa kasi. Yakapanda tena baada ya mvua kubwa za 1961 na 1962, na wazee wa mwambao wanaweza kukuonyesha yalipofika. Halafu yakarudi nyuma, hata katika miaka ya 2000 malalamiko yakawa ya upande wa pili: kina cha bandari kinapungua, na Tanzania na Kongo zikawa zinazungumzia kizuizi cha kujengwa Lukuga.

Ardhi iliyoachwa na maji haikai bure. Vijana waliotaka kulala karibu na mitumbwi walijenga humo, wenye uwezo wakaweka vyumba vya kupangisha, akina mama wakasimamisha chanja za kuanikia dagaa. Mvua za 2019 na 2020 zilipojaza ziwa, maji yalianza kurudi mahali pake. Mwaka 2024 yakapanda zaidi.

Sheria mbili zinakutana kwenye ukanda huo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaipa halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi, nao mkutano mkuu wa kijiji ndio unaoidhinisha ugawaji. Sasa mtu ambaye nyumba yake imeingiliwa na maji anahitaji kiwanja kipya kutoka kwa halmashauri, lakini ili aombe kiwanja anakiri kwanza kwamba alikuwa ndani ya mita 60. Na ukingo wenyewe umesogea! Aliyejenga mita 80 kutoka majini miaka ile, leo yuko mita 30. Mita 60 zinapimwa kutoka wapi? Swali hili liliulizwa katika kila mkutano aliohudhuria mwanafunzi, na hakuna aliyelijibu.

## Alichokuja kutafuta

Andiko la utafiti lilihusu mbinu za kaya kukabiliana na kupanda kwa maji. Vifaa vyake vilikuwa dodoso lenye sehemu tano, ramani ya nyumba zilizoharibika kwa kutumia GPS ya simu, na mahojiano na viongozi. Siasa ilikuwa na aya moja katika sura ya pili.

Dodoso lilianza kama yanavyoanza madodoso mengi: jina la mkuu wa kaya, mahali alipozaliwa, mwaka aliohamia kijijini. Fomu ya ridhaa iliahidi kwamba majina hayatatolewa kwa mtu yeyote nje ya utafiti. Maneno hayo yalitoka kwenye kiolezo cha chuo na hakuna aliyeyatilia shaka, mimi nikiwemo kama ningeulizwa.

Barua ya utambulisho ilikwenda njia yake ya kawaida: chuo, Katibu Tawala wa Mkoa, wilaya, halmashauri, mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji. Mtendaji wa kijiji alimpokea vizuri, akampa msaidizi wa utafiti: kijana mchangamfu, anajua Kiha na anaijua kila nyumba. Alikuwa mpwa wa mwenye mitumbwi mmoja mwenye jina kijijini. Kwamba mjomba huyo angekuja kuutaka uenyekiti wa kijiji, hakuna aliyelisema mwezi ule, na huenda mwenyewe alikuwa bado hajaamua.

## Masika 2024: swali lililofunga milango

Siku za mwanzo watu walikuwa wakarimu kuhusu maji na wazito kuhusu kila kitu kingine. Mwanafunzi alidhani ni ugeni. Aliyemfumbua macho ni mzee mmoja aliyekuwa akishona nyavu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Maji nitakwambia, hata ya zamani nitakwambia. Lakini hilo la kuzaliwa wapi, wewe umetumwa na nani?"

"Nimetoka chuoni, mzee. Barua iko kwa mtendaji."

"Barua naijua. Wote wana barua."

Anayeifahamu Kigoma hahitaji kuelezwa zaidi. Mkoa huu umepokea wakimbizi kutoka Burundi mwaka 1972, 1993 na tena 2015, na kutoka Kongo kuanzia 1996. Watu wa mwambao wana shangazi na wajomba ng'ambo ya ziwa tangu kabla ya mipaka. Mwananchi aliyezaliwa hapa anaweza kusimamishwa njiani na kuulizwa uraia wake, akaulizwa tena mwaka unaofuata. Swali la mahali pa kuzaliwa, lililoandikwa Dar es Salaam au Dodoma kama taarifa ya kujazia kisanduku, likifika hapa linasikika kwa sauti ya afisa.

Jioni ile alipanda kilimani, mahali pekee penye mtandao, akampigia msimamizi wake. Walikubaliana kuondoa swali la kuzaliwa na lile la mwaka wa kuhamia. Majibu yaliyokwisha kukusanywa yalifutwa kwa wino mzito kwenye fomu zenyewe, na fomu hizo zikatengwa. Mahali pake akaweka swali moja: "Maji ya mwaka gani uliyaona ukiwa hapa?"

Sijaona swali la uwandani lililofanya kazi nyingi kwa maneno machache namna hii. Aliyeyaona maji ya miaka ya 1960 alijulikana. Aliyekuja ziwa lilipokuwa limerudi nyuma alijulikana, na hakulazimika kusema ametoka wapi. Zaidi ya hayo, swali lilimfanya mtu kuwa shahidi. Mzee wa nyavu aliwekwa mbele, wakatembea mwambao mzima huku akionyesha: mchikichi uliokuwa nchi kavu sasa umesimama majini, jiwe ambalo walikuwa wakifungia mitumbwi utotoni, msingi wa nyumba ambayo maji ya zamani yaliigusa na haya ya sasa yameipita. Ramani iliyotokana na matembezi hayo ndiyo iliyokuja kusifiwa kuliko kitu kingine chochote katika tasnifu.

## Ziwa lilipofungwa

Kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana, kwa makubaliano ya nchi zinazolizunguka. Mwanafunzi alirudi katikati ya kipindi hicho. Msimamizi alikuwa amemshauri asubiri, kwa kuwa kijiji kisichovua si kijiji cha kawaida. Yeye akaona kinyume: kwamba kijiji kimeingia kwenye badiliko la pili kabla la kwanza halijaisha, na kulikwepa ni kuchagua picha iliyo rahisi. Kwa maoni yangu huu ndio uamuzi wake bora kuliko yote, ingawa hauna cha kujadiliwa sana.

Wanaume wengi hawakuwepo. Wengine walikuwa mashamba ya juu, wengine Kigoma mjini wakitafuta vibarua, wengine kwenye bodaboda. Waliobaki ni akina mama, na walikuwa na muda, jambo ambalo wakati wa giza halipo kabisa. Dagaa wa ziwa hili huvuliwa kwa taa usiku usio na mwezi. Giza likiingia, mwanamke wa mwalo halali: ananunua alfajiri, anaanika, anageuza, anafungasha, anakimbizana na boti. Mtafiti aliyekuja na dodoso la dakika 40 wakati ule alikuwa akijibiwa na mume au na mtoto.

Mmoja wao, aliyekuwa na mkopo wa kausha damu, ule wa riba kubwa, uliokuwa ukidai marejesho kila wiki, ziwa limefungwa au halijafungwa, alimwambia: "Nyumba yangu haijaenda na maji, mwanangu. Kazi yangu ndiyo imeenda."

Mwanafunzi alirudi kwenye dodoso lake akaona kilichokuwa kimetokea. Swali la 14 liliuliza kama nyumba imeharibika. Ukijibu hapana, unaelekezwa kuruka hadi sehemu ya nne. Wanawake hawa walikuwa wamerukwa wote. Kilichochukuliwa na maji ni ufukwe wa kuanikia: mchanga na changarawe, na chanja zilizosimama juu yake. Dagaa wa chanja hana mchanga na bei yake ni nzuri zaidi. Ukikosa chanja unaanika chini, penye miguu ya watu na kuku, na mvua ikinyesha umepoteza mtaji. Kila mwanamke alikuwa na mahali pake panapojulikana, bila karatasi. Halmashauri haikuwahi kugawa ufukwe, BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, ilisimamia mwalo na vyombo vya uvuvi, na sheria ya mita 60 ilikuwa ikitazama kuta. Hasara hiyo haikuwa na mwenye kuiandika.

Kuanzia hapo alifanya mahojiano huru na kupata makundi matatu ya waliokumbwa. Kwanza wenye nyumba. Pili wapangaji, ambao walipoteza vitu na makazi lakini nyumba si yao. Tatu waanikaji, ambao nyumba zao zilikuwa salama mteremkoni.

## Oktoba: daftari juu ya daftari

Uchaguzi wa serikali za mitaa ulipangwa tarehe 27 Novemba 2024. Uandikishaji wa wapiga kura kwenye orodha ya wakazi ulifanyika tarehe 11 hadi 20 Oktoba, kitongoji kwa kitongoji. Mwanafunzi alirudi siku hizo hizo kukamilisha ramani. Ratiba ya chuo ndiyo iliyomleta, si kalenda ya kijiji.

Akakuta kila mtu anaandikwa. Mwandikishaji ana daftari. Wenyeviti wa vitongoji wana makaratasi ya walioharibikiwa nyumba, kwa ajili ya viwanja vya mteremkoni vilivyokuwa vikizungumzwa, na mtendaji anawasukuma wamalize. Na yeye ana dodoso na simu inayopima nyumba. Msaidizi wake, yule mpwa, sasa anaonekana akitembea na mjomba jioni kwenda kusalimia watu. Watoto walianza kumwita mwanafunzi "dada wa viwanja".

Ombi lilikuja kwa adabu. Mtendaji alimwita ofisini, na mwenye mitumbwi alikuwemo, "kama mwananchi tu". Kijiji kinapeleka taarifa wilayani. Orodha za vitongoji zina mapengo, zingine zimerudia majina. Ya kwake ni kamili, ina namba za nyumba, ina picha.

"Binti, sisi tumekupokea, tumekupa na kijana wetu," alisema mwenye mitumbwi. "Hiyo orodha ni ya kijiji hiki. Unaondoka nayo kwenda kuifanyia nini?"

Mtendaji aliongeza jambo zito zaidi, na alilisema kwa nia njema: watu hao hao walioandikwa wangependa majina yao yafike. Kuyaficha ni kuwanyima.

## Uamuzi, na sababu zake

Aliomba siku moja. Mbele yake kulikuwa na njia nne, na alizipima zote na msimamizi wake kule kilimani kwenye mtandao.

Kutoa orodha nzima kungewasaidia wengi waliomo, na kungekata maneno. Lakini fomu ya ridhaa iliahidi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 hairuhusu taarifa zilizokusanywa kwa kusudi moja zihamishiwe kusudi lingine hivi hivi bila mwenyewe kuridhia. Isitoshe, orodha ilikuwa na zaidi ya majina. Ilionyesha nani yuko ndani ya mita 60, na kwa kusoma majibu ya "maji ya mwaka gani" mtu mjanja angeweza kukisia nani ni mgeni wa lini. Mwezi wa uchaguzi, karatasi kama hiyo ina matumizi mengi kuliko kugawa viwanja.

Kukataa na kuondoka kungelinda ahadi na kuvunja ukarimu. Angewafungia mlango pia watafiti watakaofuata.

Kurudi nyumba kwa nyumba kuomba ridhaa mpya ndiyo njia ambayo kitabu chochote cha maadili kingependekeza. Aliitamani. Aliiacha kwa sababu ya wakati: kutembea na makaratasi mapya, akiwa na msaidizi yule, katikati ya uandikishaji, kungesomeka kama kampeni, na kwa kiasi fulani kungekuwa kampeni kweli, hata kama yeye hakukusudia.

Akachagua njia ya nne. Alimwandikia mtendaji muhtasari wa kurasa mbili usio na jina wala namba ya nyumba: makundi matatu, kila moja liko kitongoji gani kwa jumla, limepoteza nini, linaomba nini. Alieleza kwa maandishi kwa nini hawezi kutoa majina. Kisha akaomba nafasi kwenye mikutano ya vitongoji, akasema kwa kinywa chake: mimi siandiki kwa ajili ya viwanja, anayetaka jina lake lifike ofisini alipeleke mwenyewe kwa mwenyekiti wa kitongoji, awe mwenye nyumba, mpangaji au mwanikaji. Aliondoka kijijini kabla ya kampeni kuanza tarehe 20 Novemba, ingawa ramani ilikuwa imebaki kipande.

## Matokeo

Mwenye mitumbwi alikasirika, hakuficha. Mtendaji alichukua muhtasari, akaupiga muhuri na kuuweka kwenye faili. Msaidizi alilipwa stahili yake na wakaachana kwa salama. Nani alishinda uenyekiti sitasema, kwa kuwa halibadilishi kitu hapa na lingekitambulisha kijiji.

Mwanzoni mwa 2025 alirudi kutoa mrejesho mbele ya halmashauri mpya. Viwanja vya mteremkoni vilikuwa vimepitishwa na mkutano mkuu kwa kufuata orodha za vitongoji, na orodha hizo zilikuwa za wenye nyumba karibu zote. Mwenye vyumba vinne vya kupangisha alipata kiwanja. Waliokuwa wakilala katika vyumba hivyo hawakupata. Baadhi walikuwa wameshahamia mjini, na familia moja haikujulikana ilikoelekea.

Kundi la waanikaji lilikwenda vizuri kidogo. Wajumbe wawili wanawake wa halmashauri mpya walikuwa wenyewe waanikaji, na walipousoma muhtasari kwenye faili waliuliza kwa nini jambo hilo halikuwahi kufika mezani. Kijiji kilitenga kipande juu ya mwalo kwa ajili ya chanja. Ni mbali, na kubeba dagaa wabichi kupanda mteremko kunahitaji kibarua wa kulipwa, kwa hiyo wenye mtaji mdogo wanaendelea kuanika chini. Lakini kipande kipo, na kiko kwenye muhtasari wa kikao.

Halafu kuna yule mama wa kausha damu. Alimsubiri mwanafunzi nje ya ofisi. "Uliandika jina langu," alimwambia, "nikadhani limefika." Hakuwa amekwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji. Siku ya mkutano alikuwa mwaloni, ilikuwa giza.

## Uchambuzi

Nimekifundisha kisa hiki zaidi ya mara moja, na darasa hugawanyika pale pale: alipaswa kutoa orodha au la? Mimi naona alikuwa sahihi kukataa, na naona pia kwamba kukataa kulikuwa na gharama iliyolipwa na watu wengine. Wanafunzi hupenda nusu moja au nyingine. Anayesema "alilinda maadili" na kuishia hapo hajamjibu yule mama. Anayesema "angetoa tu, watu wangepata viwanja" asome tena orodha ilikuwa na nini ndani yake, na mwezi ulikuwa upi.

Kwangu tatizo lilianza masika, kwenye karatasi ya ridhaa. Fomu iliahidi usiri kana kwamba usiri ndio tu mtu anaoutaka kwa mtafiti. Kijijini mantiki ni nyingine: mgeni njoo mwenyeji apone. Mtu anayeandika jina lako amekuja na kitu, au anapeleka kitu mahali. Mzee wa nyavu aliogopa jina lipelekwe, yule mama alitumaini lipelekwe, na wote wawili walitia saini fomu moja. Fomu ilipaswa kuwauliza: ikitokea kijiji au kamati ya maafa ikahitaji kujua waliokumbwa, ungependa utajwe au usitajwe? Kamati hizo si jambo la kubuni, Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 inazitambua mpaka ngazi ya kijiji, kwa hiyo ombi kama lile lilitarajiwa. Jibu la ndiyo lingeandikwa kwenye karatasi tofauti isiyo na majibu mengine, na Oktoba angekuwa na orodha fupi, halali, ya kumkabidhi mtendaji siku hiyo hiyo. Majadiliano yote ya kilimani yasingekuwepo.

Tangazo la mkutanoni lilikuwa wazo zuri lililowafikia wasio na shida ya kufikiwa. Mikutano ya vitongoji ilifanyika mchana wakati wa giza, na mwanafunzi huyo huyo, aliyejifunza mwezi Juni kwamba wakati wa giza mwanamke wa mwalo hana muda, hakulipeleka somo lake Oktoba. Siku za mbalamwezi zilikuwa wiki moja tu mbele. Hapa msimamizi naye ana sehemu yake: alisoma taarifa ya Juni, akaipa alama nzuri, hakuuliza itabadilisha nini katika ratiba.

Kuhusu msaidizi, darasa huwa kali kuliko mimi. Katika kijiji cha mwambao kila kijana ni mpwa wa mtu. Kumtafuta asiye na ukoo ni kumtafuta mgeni, na mgeni asingefunguliwa milango ile. Kilichokosekana ni msaidizi wa pili, hasa mwanamke, kutoka kitongoji kingine, ili sura ya utafiti isiwe ya nyumba moja. Fedha za msaidizi wa pili zilikuwepo. Zilitumika kununulia programu ya kuchorea ramani, ambayo chuo kilikuwa nayo.

Swali la "maji ya mwaka gani" limenifundisha hata mimi kuhusu kupima badiliko. Tumezoea kutenganisha: mazingira sura ya nne, siasa sura ya tano. Katika kijiji hiki ziwa lilipanda, na lilipopanda ndipo ikaonekana nani ana neno juu ya mteremko, nani anahesabiwa kuwa mkazi, hasara gani inaitwa hasara. Dodoso lililouliza nyumba tu lilikuwa limeshaamua jambo la kisiasa kabla halijafika Kibirizi: liliwahesabu wenye kuta. Orodha za vitongoji zilifanya vivyo hivyo, kwa sababu zake. Mwanafunzi alilirekebisha la kwake katikati ya kazi, na hiyo ndiyo sababu waanikaji walipata hata hicho kipande cha mbali.

Mtahini wa nje alilalamika kwamba takwimu za awamu ya kwanza na ya pili hazilinganishwi, kwa kuwa maswali yalibadilika. Ni kweli, hazilinganishwi, na tasnifu inasema hivyo waziwazi, ikaeleza na sababu. Alimtaka arekebishe jedwali mbili na kuhamishia historia ya viwango vya ziwa kwenye utangulizi. Orodha ya majina imetengwa na majibu, inafunguliwa na mwanafunzi na msimamizi tu, na itafutwa chuo kikipokea nakala ya mwisho. Kijijini iliyobaki ni ile ya kurasa mbili yenye muhuri. Mara ya mwisho kusikia habari zake, wajumbe wale wawili walikuwa wameitoa kwenye faili ili waiambatishe kwenye barua ya kuuliza wilayani kuhusu mita 60.